Mtu wa Moshi na Kilima cha Mita 251

Mtu wa Moshi hana haja ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Uko pale pale. Ukiamka kabla mawingu hayajaufunika, unakiona kilele chake cha Kibo kutoka uani kwetu Pasua huku unapiga mswaki, imetosha. Kupanda ni kazi ya wageni na ya wagumu wanaowabebea mizigo. Hayo sikumwambia mwenzangu wa Tanga niliyekuwa nakaa naye Edinburgh, kule Uskoti. Yeye alichojua ni kwamba mimi Mangi, yaani Mchagga, na Mangi na mlima ni chanda na pete.

Jumamosi moja ya Desemba akaniambia, "Mangi, leo tupeleke Arthur's Seat."

Ni kilima kilicho ndani ya mji, mita 251, mabaki ya volkano ya zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, yaani babu wa mababu wa Kibo. Nikacheka. Mita 251, kwetu hicho ni kilima cha kufuata mbuzi! Nikavaa raba zilizoisha soli na koti langu la mtumba la Kiboriloni (nadhani lilifurahi kurudi kwao Ulaya), tukala ugali kwanza, tukatoka saa nane mchana. Mwezi huo jua la kule linazama saa kumi kasoro dakika ishirini. Chai ya jioni hujaibandika, giza hilo.

Kupanda hakukuwa na neno. Nilitangulia mikono mfukoni, nikimwelekeza mwenzangu apumue kwa pua. Kileleni upepo ulitaka kutuvua kofia, na watu kama kumi walikuwa wanapiga picha. Mmoja akauliza tunatoka wapi. Mwenzangu akaninyooshea kidole: "Huyu ni wa Kilimanjaro!"

Wakageuka wote. Ningefanyaje? Nikasema ndiyo, mita 5,895, na mtu akishauzoea ule, hivi vingine ni matuta tu. Sikusema nimeupanda. Sikusema sijaupanda. Bibi mmoja wa miaka sabini hivi, mwenye kijibwa kilichovishwa sweta, alinisikiliza kwa makini mno.

Kushuka sasa. Maji yaliyoyeyuka mchana juu ya mawe yalikuwa yameanza kuganda tena, na barafu ya namna ile haionekani, unadhani jiwe limelowa tu. Hatua ya kwanza mguu wa kulia ukaenda zake. Nikakaa. Nikainuka, nikakaa. Mara ya tatu sikujisumbua kuinuka, nikamwambia mwenzangu kwamba kwetu ndivyo tunavyoshuka. Hakunijibu. Alikuwa amekumbatia jiwe, anasoma Ayatul Kursi.

Nikasota jiwe kwa jiwe, suruali inalia *chrrr* kwa nyuma. Mara nikasikia vyuma: *kwacha, kwacha, kwacha*. Ni yule bibi, amefunga minyororo yenye meno chini ya buti zake, anatembea kama yuko sebuleni. Akasimama, akanitazama nilivyokaa.

"Bwana wa Kilimanjaro," akasema, "wewe ulipanda kwa njia gani? Mimi nilipita Machame, mwaka niliostaafu. Marangu niliambiwa ndiyo njia ya Coca-Cola, ile rahisi, nikaona aibu."

Nikajibu kwamba mimi, kwa kweli, bado sijapata nafasi.

Hakucheka. Kijibwa ndicho kilichonitazama vibaya. Bibi akanipa fimbo yake moja, akamshika mwenzangu mkono kama mtoto wa chekechea, tukateremka gizani kwa mstari: mbwa, bibi, mtu wa Tanga, na nyuma kabisa mimi, nusu kwa fimbo, nusu kwa makalio, koti la Kiboriloni nimelifunga kiunoni kuziba palipopasuka. Heri baridi.

Na kila nilipoteleza, bibi aligeuka akanipigia kelele kwa Kiswahili alichofundishwa na wagumu wetu:

"Pole pole! Pole pole!"