Mizani ya Mwembe Tayari na Sinia la Shangazi

Yule jamaa wa mizani pale Mwembe Tayari, anayepima watu uzito kwa shilingi 20, nani alimwambia atangaze? Mtu umelipa pesa yako, umeweka ndoo yako chini (niliiweka chini, msije mkasema), umepanda kwa adabu, unangoja kuambiwa siri yako kwa sauti ya chini kama kwa daktari. Jamaa anainama, anaangalia mshale, anainuka na kunadi kama anauza mitumba: "Themanini na tisa na nusu, mzee!" Mzee! Mama wa maembe akageuka. Makanga wa Bamburi akaacha kuita abiria, akanitazama kitambi kwanza, uso baadaye.

Nikamwambia kwa heshima zangu zote kwamba siku nne nyuma, kabla sijatoka Nairobi kuja kwa shangazi, nilikuwa themanini na sita. Akanijibu, "Basi karibu Mombasa."

Sasa tuelewane. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo tatu na nusu za mafuta kwa siku nne, lazima ale ziada ya kalori 27,000 hivi, yaani zaidi ya 6,700 kila siku juu ya chakula chake cha kawaida. Hata kwa shangazi haiwezekani, ingawa anajitahidi. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Chumvi ya achari na biriani inayashika mwilini. Wanga unaowekwa akiba kwenye misuli na ini, kila gramu yake inakaa na gramu tatu hivi za maji. Miguu nayo imevimba kwa kukaa basini kutwa, na choo cha safari, kila msafiri anakijua, kinagoma mpaka urudi kwako. Ongeza viatu, simu, funguo na suruali ya jinzi. Uzito wa haki hupimwa asubuhi, baada ya msalani na kabla ya chai, kwa mizani ile ile, na baada ya safari mtu asubiri siku tatu nne maji yashuke. Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni tayari. Jamaa alikuwa ameshapokea 20 ya mtu mwingine.

Njiani ndiko ugonjwa unakoanzia. Basi halina choo, dereva hana huruma, kwa hiyo abiria anaacha kunywa maji tangu usiku. Kufika Voi ana kiu, na kiu ya basini inajifanya njaa. Anafungua dirisha, ananunua kila kinachopita: mahindi, biskuti, soda. Soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 32 hivi za sukari, vijiko vinane vya chai. Hakuna mtu anayetia vijiko vinane kwenye kikombe mbele za watu, lakini kwenye chupa tunafumba macho. Dawa yake ni kunywa funda moja moja njia nzima, kisha nusu lita kama saa moja kabla ya kituo cha Mtito Andei, iwahi kushuka kabla ya basi kusimama. Ukishuka, nenda msalani kwanza, foleni ya chips baadaye. Katika dakika ishirini zile ukianza na msalani, chips hutaziwahi, na hiyo ndiyo faida yenyewe.

Chakula beba chako: mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbili, njugu konzi moja. Konzi moja, iliyofungwa nyumbani kwenye karatasi, si pakiti nzima mapajani. Gramu 100 za njugu zinakaribia kalori 570, na mkono wa msafiri gizani hauhesabu. Mayai yamenye na uyale kabla madirisha hayajafungwa. Kuna watu wamekosana na jirani wa kiti kwa yai moja.

Lakini hayo ni madogo. Vita vyenyewe viko Majengo, mtaani kwa shangazi.

Shangazi wa Mombasa ana macho mawili na yote mawili ni mizani mbovu. Yule wa Mwembe Tayari anakuona umenona. Shangazi, mtu yule yule, wiki ile ile, anakuona umekwisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuwa hivi? Huko Nairobi hamuli?"

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ukisema umekula njiani, umetukana jiko lake. Ukisema hujala, umejimaliza. Ukisema tumbo limechafuka kwa safari, unaletewa chai ya tangawizi, na chai haiwezi kuja peke yake kama mjane, inakuja na mkate wa mofa, na mofa haliliwi kavu. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka na sijaona jibu la nne.

Sinia linaingia. Tuliangalie vizuri, maana watu wanaoandika mambo ya lishe hawajawahi kukaa mkekani. Katikati, wali wa nazi. Juu yake kuku wa kupaka. Pembeni samaki, ndizi mbivu, na kachumbari kidogo kama pambo. Wali ule si wali wa kawaida. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa kwenye kifumbu, tui la kwanza zito linawekwa kando, machicha yanatiwa maji na kukamuliwa tena, linatoka tui jepesi. Mchele unaanza kuiva kwa lile jepesi, na zito linamiminwa mwisho, maji yakikaribia kukauka. Tui zito lina kama kalori 200 kwa kila mililita 100, na karibu zote ni mafuta. Akija mgeni, nazi mbili zinakuwa tatu. Kuku naye kachomwa vizuri mkaani, mafuta yake yamedondoka, ungesema huyu ndiye rafiki wa mtu mwenye kitambi. Kisha anapakwa tui. Nazi imepita mlango wa mbele, imezunguka, imeingia tena kwa mlango wa nyuma.

Unajaribu diplomasia. "Shangazi, kesho tungepata samaki wa kuchoma tu, na ndimu."

"Waniona sina nazi?"

Mazungumzo yamekwisha.

Kwa hiyo siri haiko kwenye chakula, iko kwenye sinia lenyewe. Kila mtu anakula mbele yake, na shangazi hatazami mdomo wako, anatazama pale mbele yako. Yale masinia ya bati la rangi yamechorwa maua. Ua likionekana, mwiko unashuka. Hana ubaya, ndivyo alivyofundishwa na mamake: ua la mgeni halionekani. Mwiko mmoja wa wali si chini ya kikombe, na kikombe cha wali mweupe usio na nazi ni kalori 200 hivi. Anayekula haraka, kwa dakika tano, ameonyesha ua mara tatu, na tumbo linachukua kama dakika ishirini kupeleka habari juu kwamba limejaa. Habari ikifika, mgeni yuko mwiko wa nne.

Basi, usilionyeshe ua. Acha tabaka jembamba la wali juu yake kama shuka. Anza na kachumbari, na kama kuna mchicha au bamia uvute upande wako mapema. Piga tonge dogo. Chagua samaki mwenye miiba, changu kwa mfano, kwa sababu kumchambua changu ni kazi ya heshima, hakuna anayekuharakisha. Keti mkabala na kijana wa miaka 17 aliyetoka mpirani, ambaye mkono wake hauheshimu mipaka. Na uliza habari za harusi. Shangazi akianza kueleza nani hakualikwa na kwa nini, mwiko unabaki hewani dakika kumi nzima.

Ukifanya yote hayo sawasawa, bado anakushinda.

"Nimeshiba, shangazi. Alhamdulillahi."

"Umeshiba na nini? Hata hujaanza."

"Daktari amesema nipunguze."

"Huyo daktari ana mama?"

Kisha unaletewa ukoko, kwa sababu usitupwe. Kisha paja la kuku lililokuwa la mtoto aliyelala. Unataka kunawa, maana Pwani mtu akishanawa basi, haongezewi. Lakini birika analo yeye! Amelishika mpini, ameliweka magotini, anazungumza. Mtu mzima, una watoto watatu, una ufunguo wa ofisi, mkono umeganda tui mpaka kiwiko, unaomba ruhusa ya kunawa! Na mjomba pale kwenye kiti anacheka kimyakimya, yeye kanawa zamani. Keti karibu na bomba. Ukitoka na hilo moja tu, limekutosha.

Halwa na kahawa sizitaji. Kahawa chungu haina kosa. Halwa ni sukari, samli na wanga vilivyokorogwa mpaka vikakubaliana, kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha kuonja, na mkono wa kushoto ukifiche kisu.

Asubuhi, mahamri na mbaazi. Hapa watu wanalaumu mbaazi bure. Mbaazi ndiyo yenye protini na nyuzinyuzi, ndiyo inayokaa tumboni hadi adhuhuri. Mkosa ni hamri, ambalo linavimba, ndani tupu, mtu anajiambia anakula hewa. Hewa hiyo imezungukwa na unga wa ngano, sukari, tui na mafuta ya karai. Kula mawili na bakuli zima la mbaazi, si matano na mbaazi ya kuchovya. Chai haina utetezi, sukari imetiwa humo sufuriani tangu alfajiri. Omba ya rangi, na uombe kabla haijatengenezwa.

Viazi karai: vinunue vikitoka karaini muda huo, mafuta yakiwa moto kweli. Mafuta yakiwa vuguvugu, ule unga wa nje unayanyonya kabla haujakauka. Vile vilivyopoa kwenye trei na kurudishwa karaini kukupashia wewe, hivyo vimeogelea mara mbili. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120. Ukwaju wa kumiminia hauna shida, mimina.

Dafu, ruhusa. Maji ya dafu moja hayafiki soda hata nusu. Juisi ya miwa, hapana, hiyo ni sukari iliyokamuliwa mbele ya macho yako.

Halafu kuna ushauri wa kutembea. Dakika 150 kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema, na mimi sibishani nalo. Lakini utembee saa ngapi? Saa nne asubuhi jua la Mombasa limeshika fimbo. Alfajiri baada ya swala ndiyo saa yake, Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu hadi Fort Jesus, ambapo Wareno walianza kujenga mwaka 1593 na hakuna aliyekuwa na tuktuk. Jioni unaambiwa nenda Mama Ngina, upepo mzuri. Upepo ni mzuri, ndiyo, na umebeba harufu ya mihogo. Nusu saa ya kutembea imepunguza kalori 150 hivi, na pakiti ya gramu 100 ya krisps za muhogo inazirudisha mara tatu. Chukua muhogo wa kuchoma, pilipili na ndimu, uutafune ukitembea. Feri ya Likoni nayo ina mteremko wa kushuka, mlima wa kupanda, na umati wa kukusukuma usipunguze mwendo, na mtembea kwa miguu halipi. Sijui kwa nini watu wanalipia jimu.

Na tuktuk zenyewe, hebu. Unatoka mlangoni umedhamiria kutembea, umevaa raba, zimeshakupigia honi nne kabla hujafika pembeni. Ukikataa, dereva anakufuata polepole, kichwa nje, "Twende mzee, hamsini." Mzee tena! Mji mzima umekubaliana.

Kilichonipeleka Mwembe Tayari ni ndoo. Huwezi kuondoka kwa shangazi mikono mitupu. Ndoo ya lita kumi, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia: mahamri thelathini, nazi nne, achari ya embe kwenye chupa ya jemu, na katlesi za kula njiani, kwa sababu mayai na ndizi zangu alizikuta mkobani akaniuliza kama nimefiwa. Ushauri kwa wenye ndoo: mahamri yafunge kwenye karatasi kwanza yakiwa yamepoa kabisa, yakiwa na moto yanatoa jasho na kufika Nairobi yamelowa. Gawa nusu kwa majirani siku ile ile ya kufika, kabla hujavua viatu, maana ukilala nayo usiku mmoja yamekuwa yako.

Pale ofisi ya mizigo, karani akaitundika ndoo kwenye mizani yake. Akasoma. Akaandika kwenye karatasi, akaikunja, akanipa bila neno. Kilo kumi na moja, na hakuna aliyegeuka. Kisha akasema kifuniko kina ufa, lazima kamba, kamba shilingi 50. Nikamwambia kamba ya 50 kwa ndoo ya bure? Akasema achari ikimwagikia sanduku la mtu nitalipa sanduku. Tukabishana hapo mpaka basi likapiga honi.

Shangazi ameshapiga simu mara mbili. Hajauliza kama nimefika. Anauliza kile kifuniko, kwamba kisipotee, ni cha ndoo nyingine.