Risiti ya Kusimamishwa

Alhamisi jioni nilikuwa kituo cha basi hapa Uingereza na mfuko wangu kutoka duka la Waafrika: unga wa sembe kilo mbili, pilipili mbuzi, na mwiko mpya, maana ule wa zamani ulivunjika nikisonga ugali wa wageni. Wakaja askari wawili, vijana wadogo, heshima tele. Eti wanamtafuta mtu anayefanana na mimi. Nikauliza anafananaje. Mweusi, mrefu, koti jeusi. Ndugu zangu, mimi ni futi tano na inchi tano nikiwa na viatu, na koti langu ni la kijani. Kwa hiyo tulichofanana na huyo bwana ni kitu kimoja tu, na mnakijua.

Wakapekua. Mwiko wakautoa, wakaugeuzageuza, wakatazamana. Nikawaambia ni wa kupikia. Mama mmoja pale kituoni akahamishia mkoba wake bega la pili. Walipomaliza, mmoja akaniuliza mimi mwenyewe najitaja kuwa wa asili gani, akanisomea orodha ndefu kama mhudumu wa hoteli anayetaja vyakula. Nikasema Mweusi, Mwafrika. Akaandika. Halafu akanipa karatasi: saa, mahali, walichokuwa wanakitafuta, sababu ya kunisimamisha, namba yake ya kazi.

Nimesimamishwa na polisi mara nyingi maishani. Hii ni mara ya kwanza kupewa risiti.

Wenzangu wa Temeke mnajua kwa nini nilibaki nimeduwaa na basi likanipita. Mwaka 2004 tulikombwa kijiweni, watu tisa, saa nne usiku, tukapandishwa kwenye Defenda. Kosa? Uzururaji. Nilikuwa nazurura mita thelathini kutoka mlangoni kwa mama yangu, nimevaa ndala na msuli. Siku mbili sakafuni, ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba dhamana ni bure, na kaka yangu yuko kaunta anaambiwa atoe hela ya kubrashi viatu. Tulitoka. Hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba zile siku mbili zilikuwepo. Ukiniuliza ushahidi, sina. Ukimuuliza afande, hanijui.

Sasa nawasikia. "Ameanza. Kapewa karatasi na Mzungu, tayari anatutukana." Subirini basi. Mimi ni mbeba boksi, zamu ya usiku, mgongo umeisha; hakuna cha kuringia hapa. Na sikusema nimetendewa haki. Nimebaguliwa. Ila nimebaguliwa kwa maandishi, na nikaingiwa na hamu ya kujua hiyo karatasi inakwenda wapi.

Imetoka mbali. Aprili 22, 1993, Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, alichomwa kisu na genge la vijana wa Kizungu huko Eltham, kusini mashariki ya London. Naye alikuwa anasubiri basi. Polisi wakaivuruga kesi. Wazazi wake wakang'ang'ana, na Februari 1999 ripoti ya Jaji Macpherson ikatamka kwamba ubaguzi umo ndani ya taasisi yenyewe ya polisi wa London. Mapendekezo 70. La 61 linasema kila anayesimamishwa aandikwe, asili yake iandikwe kama anavyojitaja mwenyewe, na apewe nakala. Kile nilichodhani ni umbea wa yule askari, kumbe ni deni la mtoto wa watu. Wauaji wawili walipatikana na hatia Januari 2012, baada ya karibu miaka 19.

Karatasi kama yangu zinajumlishwa, zinakuwa takwimu, na takwimu zinatua mezani kwa Kamati ya Mambo ya Ndani ya Bunge lao. Meza yenyewe ina umbo la kwato ya farasi. Wabunge wamezunguka, mkubwa wa polisi au waziri amewekwa upande wa uwazi, peke yake na glasi ya maji. Kila swali linapewa namba. Nimevitazama hivyo vikao mtandaoni usiku wa kuamkia siku yangu ya mapumziko, wakati watu wenye akili wanatazama mpira. Mwenyekiti anauliza: kwa nini mweusi anasimamishwa mara nne kuliko mweupe? Mkubwa anazunguka. Anaulizwa tena. Anashukuru kwa swali zuri. Anaulizwa tena, lile lile, kwa maneno machache zaidi. Hakuna anayepiga meza, hakuna anayeimba. Hata makofi ndani ya Bunge lao ni mwiko (siyo ule wangu).

Fungueni Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge letu la Dodoma, muhesabu. "Mheshimiwa Spika, naomba kwanza nimpongeze Waziri kwa kazi nzuri. (Makofi)" "Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. (Makofi)" Bajeti ya Mambo ya Ndani, wizara iliyobeba polisi na magereza, inapita huku watu wanashangilia kama wako kwenye kitchen party. Na Januari 2016, walipokata yale matangazo ya moja kwa moja ya televisheni ya taifa, hata hayo makofi tulibaki kuyasoma.

Mniruhusu nitoe mfano mmoja wa swali lenye meno. Aprili 25, 2018, wakati wa kashfa ya Windrush, ya wazee wa Karibiani waliofanywa wageni katika nchi waliyoijenga, Waziri wa Mambo ya Ndani Amber Rudd alikaa kwenye ile meza. Akaulizwa kuhusu malengo ya idadi ya watu wa kuondoshwa nchini. Akasema hawaendeshi mambo hivyo. Siku hiyo hiyo chama cha wafanyakazi wa uhamiaji kilikuwa kimeiambia kamati kwamba malengo yapo. Jumapili, Aprili 29, waziri akajiuzulu, akikiri kwamba aliipotosha kamati bila kukusudia. Siku nne.

Na sisi tuna waziri wa wizara hiyo hiyo aliyeondoka kwa ajili ya swali la Bungeni, msiseme hatuna. Mei 2016. Taarifa ya Ikulu ilisema alilijibu akiwa amelewa. Nilicheka sana siku ile, halafu nikajiuliza: jibu lenyewe lilikuwa nini? Kuna anayekumbuka? Tulishughulika na pumzi yake.

"Na Richmond je?" Asante, nilikuwa nakusubiri. Richmond! Februari 2008 nilisikiliza ripoti ile ya Kamati Teule ya Bunge, ya kashfa ya mkataba wa umeme, kwa redio ya fundi cherehani, watu tumejazana barazani, hakuna aliyekuwa anatia uzi sindano. Waziri Mkuu akajiuzulu. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima. Na kabla ya hapo, nendeni nyuma kabisa, 1977: Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Alikuwa Dar es Salaam, ofisini kwake. Aliona aibu, akaandika barua. Kwa hiyo mnaponiambia nimetekwa na Uzungu, mimi kipimo changu hakikutoka London, kilitoka kwa mzee wa Kizanzibari mwenye kofia. Hasira yangu ni kwamba tulikuwa nacho. Ingekuwa hatujawahi kukijua, ningewasamehe.

Tukafika mahali Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akisema Bunge ni dhaifu, Bunge, Aprili 2019, linapitisha azimio la kutofanya naye kazi. Anayeuliza ndiye anayekalishwa kwenye kiti cha moto.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kile cha uzururaji, nacho nisingekijua bila kuanza kuchimba asili ya karatasi yangu. Hapa walikuwa na sheria watu waliyoiita "sus", yaani kushukiwa tu. Mama yake ni Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824. Polisi wawili wakisema wamekuona unazurura kwa nia ya kuiba, imetosha, hakuhitajika shahidi mwingine. Miaka ya 1970 iliwakomba vijana weusi wa London kama sisi tulivyokombwa kijiweni. Wazazi weusi wakaanzisha kampeni, wakili wao mmoja akiwa kijana Paul Boateng, baba yake Mghana, ambaye baadaye, 2002, akawa mweusi wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri. Kamati ya Mambo ya Ndani ilikuwa changa, imeundwa 1979. Mwaka 1980 ikaita watu, ikasikiliza, ikaandika: hii ifutwe. Mwaka 1981 ikafutwa, ingawa mtaa wa Brixton, London, ulikuwa umeshawaka moto Aprili ya mwaka huo huo.

Sasa ndugu yake huyo wa damu yumo kwenye Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, tangu Mwingereza alipotuletea mwaka 1930. Ndiye aliyenilaza sakafuni. Mwenye nguo kaivua kaitupa, sisi bado tunaifua na kuipiga pasi. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa ushauri kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika na zirekebishwe au zifutwe. Mahakama hiyo haiko Geneva. Iko Arusha! Unapanda basi asubuhi, jioni umefika. Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman naye, na tume yake ya haki jinai, alishasema Julai 2023 kwamba polisi wanatakiwa kusukwa upya. Majibu ya maswali yetu tunayo nyumbani, yamewekwa kwenye makabati yetu wenyewe.

"Basi huko kwenu pepo." Nani kasema? Angalia: mbunge David Lammy alipewa kazi ya kuchunguza mahakama na magereza, na ripoti yake ya 2017 ikakuta watu wasio weupe ni asilimia 14 ya wananchi na asilimia 25 ya wafungwa; kwa watoto waliofungwa, zaidi ya asilimia 40. Mapendekezo 35. Mwaka 2021 kamati ikarudi kuitazama ripoti ya Macpherson baada ya miaka 22, ikaona kwa mwendo ule itachukua miaka mingine 20 polisi kufanana na watu wanaowalinda. Machi 2023 Louise Casey akasema polisi wa London bado wana ubaguzi ndani ya taasisi, na mkuu wao akakubali matokeo lakini hilo neno "taasisi" akakataa kulitamka. Serikali inatakiwa kujibu ripoti ya kamati ndani ya miezi miwili, na mara nyingi inajibu kwa Kiingereza kitamu kisichoshika kitu. Ningekuwa nauliza swali moja miaka arobaini nami ningechoka. Mimi mwenyewe ni namba kwenye jedwali la mwaka huu, pamoja na mwiko wangu.

Ila Lammy aliyeandika yale mapendekezo 35, tangu Septemba 2025 ndiye Waziri wa Sheria. Magereza ni yake. Sasa anakaa yeye kwenye kiti kama kile, na wabunge wanayo ripoti yake mkononi. Hilo, msinilaumu, linanipa raha ya peke yake.

Mtaniuliza mbona sisemi lolote kuhusu Oktoba 2025. Mama yangu bado anaishi nyumba ile ile, mita thelathini kutoka kijiweni. Mmeelewa.

Nilimpigia jioni ile ile, nikamsimulia yote, mpaka yule mama wa mkoba. Alinyamaza, halafu akauliza:

"Umetoa shilingi ngapi?"

Nikamwambia sijatoa kitu, mama, wamenipa karatasi wakaniacha.

"Haya," akasema. "Basi watarudi."