Fomula ndani ya fomula, au safuwima ya msaada?

Chukua faili la Excel la duka la jumla lenye karatasi tatu. Mauzo ina msimbo wa bidhaa kwenye A2, Bidhaa inaonyesha kila msimbo uko kundi gani, na Punguzo inaonyesha asilimia ya kila kundi. Kutoka kwenye msimbo hadi punguzo ni lazima kupita majedwali mawili, na wengi huyapita ndani ya seli moja:

=VLOOKUP(VLOOKUP(A2,Bidhaa!$A$2:$C$500,3,FALSE),Punguzo!$A$2:$B$20,2,FALSE)

VLOOKUP hutafuta thamani kwenye safuwima ya kwanza ya jedwali na kuleta iliyo kwenye safuwima unayoitaja kwa namba; FALSE huidai ilingane kabisa. Isome kuanzia ndani. VLOOKUP ya ndani hutoa jina la kundi, na ya nje huenda kulitafuta jina hilo.

Wanaoitetea wana hoja ya kweli. Safuwima ya msaada, yaani ile inayoshika jibu la kati kama jina la kundi, ikifichwa, atatokea mtu atakayeiona haina kazi na kuifuta, na seli zote zilizoitegemea zitaandika #REF!, yaani zinarejelea kisichopo tena.

Lakini fomula hii hulemea siku inapokosea. Ikitoa #N/A, yaani kilichotafutwa hakikupatikana, huenda msimbo haupo Bidhaa, au kundi halipo Punguzo, au msimbo ni namba upande mmoja na maandishi upande mwingine. Seli haisemi ni lipi. Ukiweka kundi kwenye D2 na punguzo kwenye E2, unaona papo hapo: D2 ina "Sukari", E2 ina #N/A, basi tatizo liko Punguzo. Kwenye fomula ya pamoja itabidi uteue sehemu ya ndani, ubonyeze F9 uone jibu lake, kisha Esc. Ukibonyeza Enter, jibu hilo linabaki humo na fomula ya ndani imepotea.

Kosa la kuogopa zaidi ni lile lisiloonekana. FALSE ya nje ikisahaulika, na Punguzo ina Mchele, Sabuni na Unga tu, "Sukari" itapewa punguzo la Sabuni, kwa kuwa ndilo jina la karibu linaloitangulia kialfabeti. IFERROR(...,0), inayoweka 0 badala ya kosa, nayo humeza kila kosa na mteja hulipishwa bei kamili. Afadhali IFNA yenye ujumbe "Kagua msimbo au kundi", maana hunasa #N/A pekee.

Ile 3, namba ya safuwima ya kundi, nayo haisogei mtu akiingiza safuwima mpya katikati ya Bidhaa. INDEX na MATCH, fomula nyingine za kutafuta, huondoa tatizo hilo, na XLOOKUP pia, ila Excel 2016 na 2019 hazina XLOOKUP na zikiihesabu upya hutoa #NAME?, yaani jina lisilojulikana.

Excel huruhusu ngazi 64 za fomula ndani ya fomula. Kwangu mbili zinatosha, tena pale tu ambapo misimbo imeshahakikiwa. Ya tatu ikihitajika, gawanya, na safuwima ya msaada iachwe wazi, yenye kichwa kinachosema kazi yake: "Kundi (usifute)".