Kundali yangu ya saa kumi na moja

Kadi yangu ya kliniki ina doa la chai pembeni, na kwenye mstari wa muda wa kuzaliwa nesi wa Tanga aliandika kwa wino wa bluu: 11.15. Basi, hakuongeza neno. Mama aliipiga picha akanitumia Pune, India, Februari 2013, maana Anti aliyenipangisha chumba alikuwa ameniganda tangu Krismasi: mtu mzima unaishije bila kundali?

Kundali, kwa asiyeijua, ni ramani ya anga ya dakika uliyozaliwa. Wahindu wengi huchorewa wakiwa bado wachanga, na karatasi yake hukaa kabatini pamoja na hati ya nyumba. Ni mraba uliokatwa kwa mistari ya mshazari mpaka ukatoa vyumba kumi na viwili, wenyewe huviita nyumba, na humo hupangwa sayari tisa za hesabu yao. Katika hizo tisa, Jua na Mwezi wamo, na mbili si kitu cha kushikika kabisa: Rahu na Ketu ni pale tu njia ya Mwezi inapokatana na njia ya Jua. Hakuna jiwe pale wala moto. Lakini ukimsikia Anti anavyomtaja Rahu, utadhani ni jirani anayemdai.

Jyotishi, ndivyo wanavyomwita mnajimu, alikuwa na ofisi mtaa wa Sadashiv Peth, ghorofa ya pili, ngazi zinanukia samli ya duka la peremende lililokuwa chini. Nilitarajia mzee mwenye ndevu na majivu kwenye paji la uso. Nikakuta mtu wa makamo, shati limenyooshwa, miwani, kompyuta. Muda? Nikamsomea kadi kama ilivyo, kumi na moja na robo. Asubuhi? Nikasema asubuhi, kwa kuwa mama siku zote husema nilizaliwa asubuhi na mapema. Akabonyeza, printa ikakoroma, zikatoka kurasa kumi na nne.

Akaniambia nimezaliwa Mwezi ukiwa katika Bharani, mojawapo ya vituo 27 ambavyo Mwezi huvipitia, takriban kimoja kwa siku. Kituo hicho ni cha Zuhura. Katika hesabu yao miaka 120 imegawiwa sayari kwa zamu: Zuhura hutawala 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, na kuendelea. Mimi nilizaliwa zamu ya Zuhura imebakiza miaka tisa, ikafuata ya Jua, ikaisha nikiwa na miaka kumi na tano.

"Jua ni baba," akasema, akanitazama juu ya miwani. "Mwaka wa kumi na tano Jua lako lilizama."

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na tano.

Vinyweleo vilinisimama, sidanganyi. Usiku ule sikula. Ilichukua muda mrefu nikumbuke kwamba Anti ndiye aliyepanga ile miadi, na kwamba habari ya baba aliijua tangu mwezi wa kwanza, nilipomwomba anivumilie kodi. Sisemi alimdokeza. Nasema tu alijua.

Kisha ikaja habari mbaya. Mirihi, kwao Mangal, alikuwa nyumba ya saba, nyumba ya ndoa. Mtu wa namna hiyo huitwa mangalik, na huaminika kwamba ndoa yake itamletea mwenzake balaa, hata kifo. Tangu siku hiyo Anti akawa ananiongezea chapati bila kuombwa, kwa jicho lile analotazamwa nalo mfiwa.

Nikaishi na umangalik wangu miezi minane. Oktoba, katika mazungumzo ya simu yasiyo na mbele wala nyuma, nikamtajia mama saa yangu ya kuzaliwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Asubuhi gani tena? Muadhini ndiyo kwanza anamaliza adhana ya alfajiri!"

Nesi aliandika saa za Kiswahili. Mimi nikazisoma kama za Kizungu. Kundali niliyokuwa naililia usiku ilikuwa ya mtoto aliyezaliwa saa tano na robo asubuhi, wakati ambapo mimi nilikuwa nimeshanyonya, nimeshaogeshwa na nimeshalala.

Saa sita si jambo dogo katika elimu hii. Alama ya nyota inayochomoza upande wa mashariki, ambayo ndiyo msingi wa nyumba zote kumi na mbili, hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Kwa hiyo nyumba zangu zote zilikuwa zimeteleza hatua tatu, na Mirihi akahama kutoka ndoa kwenda nyumba ya kumi, ya kazi. Mwezi nao kwa saa sita hutembea karibu robo ya kituo kimoja, na robo ya miaka 20 ya Zuhura ni mitano. Kila tarehe katika zile kurasa kumi na nne ilikuwa imekosea kwa miaka mitano.

Nikarudi Sadashiv Peth, safari hii peke yangu. Jyotishi hakushtuka hata kidogo. Printa ikakoroma tena. Sasa Zuhura alikuwa amebakiza miaka kumi na minne, kwa hiyo Jua liliingia nikiwa na kumi na nne, likatoka nikiwa na ishirini. Akanitazama juu ya miwani vilevile. "Umeona? Kifo cha baba kimeangukia ndani ya zamu ya Jua lenyewe. Hii ndiyo sahihi zaidi."

Mara ya kwanza baba alikufa kwa kuwa Jua limetoka. Mara ya pili alikufa kwa kuwa limeingia.

Yule bwana hakuwa tapeli, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani wanajimu wote ni wezi. Aliiamini kazi yake, na hesabu zake zilikuwa safi. Mwezi ulikuwa pale aliposema ulikuwa, na hilo ukipenda unaweza kulihakiki kwa programu yoyote ya anga. Upande huo wa elimu yao naushika mkono kwa heshima zote. Watu hawa walikuwa wanakokotoa kupatwa kwa Jua karne nyingi kabla ya kompyuta. Shida inaanza printa inaponyamaza na mtu anapoanza kusema. Sayari tisa, nyumba kumi na mbili, alama kumi na mbili, zamu ndani ya zamu, kila sayari ikimtazama mwenzake kutoka mbali: ukiwa na funguo zote hizo, utakosaje mmoja wa kufungua msiba wa mtoto wa miaka kumi na tano? Labda ungemnyima mnajimu tukio, umwache akisie kwanza.

Hilo limeshafanyika, tena Pune kwenyewe. Nililisikia kwa njia ya huzuni. Agosti 20, 2013, nikiwa mjini humo, Narendra Dabholkar, daktari aliyetumia miaka mingi kupambana na ushirikina katika jimbo la Maharashtra, alipigwa risasi akiwa kwenye matembezi yake ya asubuhi. Mji ulinuna kwa majuma. Magazeti yalipokuwa yanapitia kazi zake, jina lake likatajwa kwenye jaribio lililoongozwa na mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar. Walikusanya kundali 200: mia za wanafunzi hodari shuleni, mia za watoto wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 51 walikubali kushiriki, kila mmoja akapewa kundali 40 aseme ipi ni ya kundi gani. Waliorudisha majibu ni 27. Aliyefanya vizuri kuliko wote alipata 24. Wastani wa wote ulikuwa 17.25, wakati anayerusha sarafu hutarajiwa kupata 20. Taasisi moja ya unajimu ilipewa zote 200, ikapatia 102.

Nilisoma matokeo hayo nikiwa na kundali zangu mbili mezani. Kusema kweli, kama ningeyasoma Februari, ningeyatafutia kasoro.

Na mambo makubwa nayo yameshapimwa hadharani. Februari 1962 sayari zilikusanyika upande mmoja wa anga, na wanajimu wa India wakatangaza maangamizi. Watu wakafanya ibada kubwa kubwa za kuyazuia, siku zikapita. Sri Lanka, ambako unajimu wao una ukoo mmoja na huu, Rais Mahinda Rajapaksa aliitisha uchaguzi mapema kwa tarehe aliyoafikiana na mnajimu wake. Januari 2015 akashindwa.

Ukiwauliza, watakwambia kosa ni la mnajimu, si la elimu. Sawa. Lakini hata pa kuanzia kuhesabu hapajakubaliwa. Safu za nyota za magazeti yetu hufuata mtindo wa Kizungu, na huo umepishana na wa Kihindu kwa nyuzi kama 24, ndiyo maana wengi mnaojiita Simba, India ni Kaa. Na wanajimu wa Kihindu wenyewe wana vipimo zaidi ya kimoja vya hizo nyuzi. Ukibadilisha kipimo, zamu zako zinasogea.

Haya yote ningeyaacha yawe burudani, kama si ndoa. Kabla ya posa, kundali za kijana na binti hulinganishwa kwa alama 36, na chini ya 18 wazee wengi hawaendelei. Ghorofa ya tatu ya nyumba yetu palikuwa na binti mhasibu, mcheshi, ambaye familia mbili zilishamkataa kwa ajili ya Mangal. Ya tatu ikataka kwanza aolewe na mgomba, ili balaa liushukie mgomba. Alinisimulia kwenye ngazi, huku akicheka, ameshika mfuko wa vitunguu. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama ni kweli mimi nilikuwa mangalik na sasa siye. Nikamweleza mambo ya saa za Kiswahili. Akasema, "Ningezaliwa kwenu."

Sikuwa na la kumjibu. Umangalik wangu ulifutwa na simu ya mama. Wake uliandikwa kwa saa sahihi.

Wala sisi wa pwani tusijifanye tumetakasika. Kwetu nyota husakwa kwa jina lako na la mama yako, herufi zinahesabiwa kwa abjadi, na wapo wachumba walioachana kwa kuwa mmoja nyota yake ni ya moto na mwingine ya maji. Bibi yangu hakuwahi kuanza safari bila kuulizia siku. Namwelewa. Namwelewa na Anti pia, ambaye kundali ilimpa sababu ya kunikalisha sebuleni na kuniuliza mambo ya baba, kitu ambacho mtu mwingine yeyote Pune hakukifanya.

Bado tunaandikiana. Binti yangu alipozaliwa Dar es Salaam, kabla hajauliza jina Anti aliuliza saa. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Nikamwandikia 3.40, nikaacha hivyo hivyo. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe mrefu, wenye maua: mtoto Mangal hana, na atapenda hesabu.