Kliniki za nyumbani ziulize zaidi ya kilo

Swali linalorudi kila mara kwenye simu za kutoka nyumbani ni kwa nini Ulaya kuna watoto wengi wenye usonji (autism), hali inayogusa mawasiliano ya mtoto na anavyohusiana na watu. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba huku kuna mtu anayelipwa mshahara kuuliza mapema mtoto anavyokua. Na kuuliza si jambo la nchi tajiri peke yake.

Hapa Uingereza, upande wa England, muuguzi wa watoto hupangiwa kukutana na familia mara tano: kabla mtoto hajazaliwa, siku ya 10 hadi 14, wiki ya 6 hadi 8, miezi 9 hadi 12, kisha miaka miwili hadi miwili na nusu. Safari ya mwisho mzazi hujaza dodoso la maeneo matano: mawasiliano, misuli mikubwa, kazi za vidole, kutatua matatizo, na kuhusiana na watu. Kila eneo lina maswali sita. "Ndiyo" ni alama 10, "mara nyingine" 5, "bado" 0. Ni karatasi na kalamu tu, pamoja na mtu anayejua mtoto apelekwe wapi alama zikiwa chini.

Sasa tazama Tanzania. Mama yuko kliniki wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na wa 18 kwa ajili ya chanjo, na katikati anakwenda kupima uzito. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, nukta inawekwa kwenye kadi, aitwe mwingine. Nukta ikiangukia kwenye kijani, mama anaambiwa mtoto anaendelea vizuri. Lakini mtoto asiyesikia huongezeka kilo sawa na mwenzake, na mwenye usonji vilevile. Kazi ngumu ya kumfikisha mama kituoni imeshafanyika. Kilichobaki ni maswali ya dakika tatu.

Ningeanza na mwezi wa 9. Anakaa bila kushikwa? Akiitwa kwa nyuma, anageuka? Anabwabwaja "bababa, dadada"? Anachukua vitu kwa mikono yote miwili? Hili la mikono lisipuuzwe. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka huambiwa atakuwa wa mashoto, kumbe huenda upande wa pili una udhaifu na hiyo ni dalili ya mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Ngumi zisizofunguka na miguu inayokakamaa ikipishana kama mkasi vina uzito uleule, hasa kwa mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali au degedege.

Mwezi wa 18: anatembea? Ana maneno yoyote yenye maana? Ananyoosha kidole kukuonyesha kuku anayepita, ili nawe umwone? Kuomba maji kwa kidole ni jambo jingine. Asiyekuonyesha kitu kwa kidole, na haitikii jina lake, asisubirishwe kwa "babake naye alichelewa". Mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea apelekwe wiki hiyohiyo, umri wowote.

Kipimo cha kwanza kwa aliyechelewa kusema ni masikio. Kukata kifungo cha ulimi, ule utando ulio chini yake, hakumfundishi mtoto kusema.

Pia tusiwatishe wazazi bure. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyopatikana kwa watoto wa nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo, vinaonyesha kutembea bila msaada huja kati ya miezi 8.2 na 17.6. Wapo wanaoruka hatua ya kutambaa wakawa wazima kabisa. Na njiti hesabu umri wake kwa kutoa wiki alizowahi kuzaliwa, mpaka afike miaka miwili.

Nyumbani tuna nguvu ambayo huku inakosekana. Utafiti wa Charles Super kwa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, uliochapishwa 1976, ulikuta watoto wao wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa sababu wanafundishwa. Kutambaa, kusikofundishwa, hakukuwa mapema. Lakini miguu myepesi isitufumbe macho tukadhani na lugha imefika.

Huku nako foleni inaumiza. Mwongozo wa afya wa England unataka tathmini ya usonji ianze ndani ya miezi mitatu. Familia nyingi husubiri zaidi ya mwaka. Usikae bure: chuchumaa usawa wa macho yake, taja anachokitazama, nyamaza kama sekunde kumi umpe nafasi ya kujibu, zima simu. Wala usiache Kiswahili. Lugha mbili hazicheleweshi mtoto, ila maneno yahesabiwe ya lugha zote kwa pamoja, na umwambie hivyo anayempima.

Na wale tunaotuma mizigo: vigari vya magurudumu vya kumkalisha mtoto atembee viache. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Haviharakishi kutembea, na vinamfikisha mtoto kwenye jiko na ngazi upesi kuliko mama anavyoweza kumkimbilia. Kama kuna mtoto wa ndugu aliyechelewa, pesa hiyo iende kwenye kipimo cha usikivu na nauli ya mazoezi ya viungo, kila wiki.