Foleni haijafa, imehamia kwenye simu
Eti kuweka nafasi mapema kumeua foleni kule Galaxy's Edge, eneo la Star Wars ndani ya bustani ya michezo ya Disneyland, California? Hapo sikubali. Eneo lilipofunguliwa 31 Mei 2019, hadi 23 Juni uliingia kwa nafasi uliyoweka, muda wa saa 4 tu, na nafasi hiyo ilikuwa ya kuingia eneo, si ya kupanda chochote. Smugglers Run, mchezo pekee wa kupanda uliokuwa wazi, ulipanga mstari kama kawaida. Januari 2020 ukaja mchezo wa pili, Rise of the Resistance, na makundi ya kupandia, yaani unasubiri namba ya kundi lako iitwe: ilibidi uwe umeshapita getini ndipo uombe namba kwa simu, nazo zikiisha ndani ya dakika chache. Mtandao ukikwama kidogo, basi tena! Kati ya kusimama na kubonyeza, wenzangu mnachagua foleni ipi?