Uzamili wa mitishamba: methanoli au sufuria ya mganga?

Ukisoma tasnifu kadhaa za uzamili kuhusu mitishamba kutoka vyuo vya Afrika Mashariki, utaona njia ni moja. Mwanafunzi anaenda wilayani, anawahoji waganga, anaorodhesha miti. Anachuma majani au magome, anayakausha kivulini, anayasaga, anayaloweka kwenye methanoli, aina ya alkoholi, kisha anajaribu dondoo lake, yaani vitu ambavyo methanoli imevitoa kwenye mmea, kwa bakteria kwenye sahani ya maabara. Bakteria wanakufa. Hitimisho: mmea una uwezo, utafiti zaidi unahitajika. Mwanafunzi anahitimu, na utafiti zaidi mara nyingi hauji.

Wapo wanaosema huo ni upotevu wa fedha na magome. Siungani nao moja kwa moja. Uzamili ni miaka miwili, na majaribio kwa wagonjwa yanadai kibali cha maadili, madaktari, dawa yenye kipimo kisichobadilika na fedha ambazo mwanafunzi hana. Sahani ya bakteria ni kitu anachokimudu. Isitoshe, maabara hiyohiyo ndiyo inayoweza kugundua sumu ambayo mnywaji haioni leo wala kesho.

Lakini kuna maswali ambayo sahani haiyajibu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha Babu, yaani dawa ya mti aliyoitoa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Mti wenyewe, mugariga, haukuwa mgeni kwa wanasayansi. Wala nchi haikukosa wataalamu: kitengo cha utafiti wa tiba asili cha Muhimbili kilianza mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili inayofundisha hadi shahada za juu. Hata hivyo, mwenye kisukari aliyekuwa kwenye foleni hakuuliza kikombe kina viambata (kemikali za mmea) gani. Aliuliza kama atapona, na kama aendelee kumeza vidonge vyake. Swali la namna hiyo linajibiwa kwa kufuatilia watu kwa miezi, na hapo ndipo mafunzo yetu yalipo membamba.

Watetezi wa maabara hupenda kumtaja Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyotokana na mmea. Mfano mzuri, ila husimuliwa nusu. Dondoo za mwanzo zilikuwa zikitoa matokeo ya kuyumbayumba. Tu akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4, kilichoelekeza mmea ulowekwe kwenye maji, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hakikutaja kuchemsha. Akahisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililofanya kazi. Kumbe siri ilikuwa kwenye namna ya kutayarisha, si jina la mmea peke yake.

Sasa mtazame mwanafunzi wetu. Wamasai huchemsha magome ya olkiloriti, aina ya mgunga, pamoja na supu ya nyama. Yeye anayachukua magome, anaiacha supu, anaweka methanoli. Ana sababu: methanoli hutoa viambata vingi, hukauka upesi, na hurahisisha kulinganisha matokeo na maabara nyingine. Sawa. Ila mafuta ya supu yanatoa nini kwenye gome? Saa nzima ya moto inabakiza nini? Mabeseni mawili yakiwekwa sambamba, la methanoli na la mganga, tungepata tasnifu yenye jambo la kusema, na bila gharama kubwa ya ziada.

Upande wa vyakula hali ina nafuu. Kule Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) amefanyia kazi mboga za kienyeji kuanzia mbegu hadi mlo, na managu (mnavu) haihitaji kuthibitishwa kwamba inaponya ndipo iliwe. Shida inaanza chakula kinapouzwa kama dawa. Unga wa mlonge unanadiwa kwa orodha ya maradhi ambayo hata hospitali ya rufaa ingeiogopa. Uwatu je? Huo una ushahidi kwamba unaweza kushusha sukari, na ndiyo maana ni wa kuangaliwa: mgonjwa anayetumia insulini akiongeza uwatu kimyakimya, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Wangapi kliniki ya kisukari wanafanya hivyo, na kwa vijiko vingapi? Mwanafunzi wa uzamili analiweza swali hilo kwa dodoso na kumbukumbu za vipimo vya sukari.

Haki za mganga nazo zipo kwenye Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya mimea na maarifa ya asili, lakini kwenye tasnifu nyingi yeye ni mstari mmoja wa shukrani. Basi mganga anayejua thamani ya mti wake huitaja mingine na kuuficha huo.

Kwa nini basi njia haibadiliki? Sidhani ni uvivu wa wanafunzi. Msimamizi hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa, na sahani ya bakteria huzaa makala mapema kuliko kliniki ya kisukari. Chuo kinachotaka tasnifu za aina nyingine kingeanza na fomu ya kupandisha vyeo, kabla hata ya kugusa mtaala.